Ni nani huosha choo cha nyoka?

Na Mwandishi Wetu

Jumapili moja alasiri tulikuwa tumeketi uani nyumbani, si mbali na soko la Runyenjes, tukitafuna mahindi ya kuchoma na kupiga gumzo. Mpwa wangu aliye katika gredi ya tano alikuwa ndiye msemaji mkuu wa siku hiyo. Wiki hiyo shule yao ilikuwa imewapeleka Nairobi, kwenye makumbusho ya taifa na bustani ya nyoka iliyo papo hapo. Alitusimulia juu ya mamba, kobe na chatu mmoja aliyejikunja kama gurudumu la lori. Kisha akanyamaza kidogo na kuniuliza:

"Mjomba, na ni nani huosha choo cha nyoka?"

Tuliangua kicheko. Mama yangu, ambaye kwa miaka yake yote amelima kahawa na kufuga kuku, hakuona la kujadili.

"Mjukuu wangu," akasema, "huku kwetu nyoka haoshewi nyumba. Hutafutiwa rungu."

Hata hivyo, swali la mtoto lilinikaa kichwani, nami nikaamua kulifuatilia. Msomaji, huenda nawe unajiuliza linakuhusu nini, wewe ambaye hutaki hata kuona ngozi ya nyoka. Tafadhali nivumilie. Kufikia mwisho utaona kwamba kizimba cha nyoka na banda lako la kuku ni ndugu wa toka nitoke.

Si mnyama wa kuokota

Kwanza tuelewane. Hapa Kenya mtu hawezi kumwokota nyoka katika shamba la kahawa akamtia kwenye ndoo na kumwita wake. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inataka anayefuga wanyama wa porini awe na kibali, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ndilo la kuendewa. Ndiyo maana wengi wetu huwaona nyoka katika vituo maalumu. Bustani ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1961. Kule Watamu, pwani, kuna kituo cha Bio-Ken kilichoanzishwa mwaka 1980 na James Ashe pamoja na mkewe, Sanda. Marehemu Ashe aliwahi pia kufanya kazi na nyoka katika makumbusho ya Nairobi.

Katika nchi kama Marekani na Uingereza, watu wengi hufuga nyoka majumbani, ndani ya matangi ya kioo, kama sisi tunavyofuga paka. Lakini awe wa nyumbani au wa bustani, nyoka aliyefungiwa ana shida moja ambayo mwenzake wa porini hana. Wa porini hujisaidia na kwenda zake. Aliyefungiwa hulala juu ya uchafu wake mpaka binadamu auondoe. Asipouondoa, ngozi ya tumbo hupata vidonda, mapafu huugua kwa hewa nzito, na mdomo huweza kuoza.

Hatari kwa binadamu

Kuna jambo kubwa zaidi. Nyoka, kobe, mijusi na jamaa zao wengi hubeba tumboni bakteria waitwao salmonela. Mnyama mwenyewe huwa haugui, hung'aa kana kwamba hana lolote. Bakteria hao hutoka na kinyesi, wakaenea kwenye maji, kuta, bakuli na mikono. Vikimwingia binadamu, humletea homa, maumivu ya tumbo na kuhara. Walio hatarini zaidi ni watoto wa chini ya miaka mitano, wazee, kina mama wajawazito na wagonjwa ambao kinga yao imedhoofika.

Mfano ni kisa kilichotokea Januari 1996 katika bustani ya wanyama ya mji wa Denver, Marekani. Watu 65, wengi wao watoto, waliugua baada ya kwenda kuwatazama mijusi wakubwa waitwao komodo. Cha ajabu ni kwamba hakuna hata mmoja kati ya wagonjwa hao aliyemgusa mjusi. Wachunguzi waligundua kuwa wengi walikuwa wamegusa ua wa mbao uliozunguka zizi. Wengi waliokuwa wamenawa mikono baada ya matembezi waliponea.

Niliposoma hayo nilimkumbuka mpwa wangu. Alikuwa ametuambia, bila wasiwasi wowote, kwamba alikula mandazi yake akiwa ameegemea ukuta wa shimo la nyoka. Kwa bahati njema hakupatwa na lolote. Lakini bahati si kinga.

Ufagio kwanza, dawa baadaye

Sasa tulijibu swali lake. Kosa ambalo wafugaji wengi hufanya ni kudhani kwamba dawa ndiyo husafisha. Dawa ya kuua viini haisafishi. Huua viini juu ya kitu ambacho tayari ni safi. Ukiimwaga juu ya kinyesi, nguvu yake huishia kwenye kinyesi chenyewe, na bakteria walio chini hubaki wakistarehe. Utasikia harufu ya dawa na kudhani kazi imekwisha, kumbe umejidanganya.

Kazi yenyewe huenda kwa utaratibu huu:

Kila siku, kinyesi, gamba lililovuliwa na mabaki ya chakula huondolewa mara tu yanapoonekana. Maji ya kunywa hubadilishwa. Dakika chache hizi za kila siku ndizo hupunguza kazi kubwa ya baadaye.

Katika usafi mkubwa, ambao aghalabu hufanywa mara moja kwa mwezi, nyoka huhamishwa kwanza. Hutiwa ndani ya sanduku lenye matundu ya hewa na kifuniko kinachofungwa barabara. Kama ana sumu, hakuna mkono unaoingia kizimbani kabla ya hapo, na mtu hafanyi kazi hiyo peke yake. Nyoka aliyetoka kula huachwa atulie kwa siku mbili, kwani akisumbuliwa huweza kutapika mawindo yake. Taa na vifaa vya kupasha joto huzimwa.

Kisha matandiko yote hutolewa na kutupwa. Matandiko yaliyo rahisi na bei nafuu ni magazeti ya zamani. Naam, msomaji, hata ukurasa huu unaweza kuishia chini ya chatu, na mwandishi hana kinyongo.

Baada ya hapo ni maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi. Nyoka hutoa mkojo mweupe unaokauka kama chokaa; huo hulowanishwa kwanza ndipo ukwaruzwe. Pembe na nyufa ndizo husuguliwa zaidi. Sabuni husuuzwa yote.

Hapo sasa ndipo dawa huingia. Jiki ya kawaida hufaa, kipimo kimoja kwa vipimo tisa vya maji baridi, ikichanganywa siku hiyo hiyo. Hupakwa mpaka kila mahali palowe, kisha huachwa kwa dakika 10 au zaidi. Wengi hupaka na kupangusa papo hapo, nao huwa wamepoteza pesa zao. Dawa huhitaji muda. Mfugaji mwerevu hakai bure dakika hizo. Huzitumia kuosha na kulowesha mabakuli.

Mwisho, kila kitu husuuzwa kwa maji mengi na kukaushwa, ikiwezekana juani. Nyoka harudishwi mpaka kizimba kiwe kikavu na harufu ya jiki iishe kabisa.

Tahadhari za dawa

Si kila dawa ya dukani inafaa. Dawa zenye fenoli, zile nyeusi zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa maji, pamoja na zile zenye mafuta ya msonobari, ni sumu kwa nyoka. Vilevile jiki isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi, wala isimwagwe juu ya samadi inayonuka amonia. Hutoa gesi inayochoma macho na mapafu. Hiyo ni sababu nyingine ya kuanza na ufagio.

Isitoshe, jiki haiwezi kila kitu. Kuna kijidudu kiitwacho kriptosporidia, kinachoharibu tumbo la nyoka, ambacho hustahimili klorini lakini hushindwa na mvuke wa moto na ukavu. Mbao nazo hunywa uchafu ndani. Zikioza au kupasuka ni heri kuzichoma. Kisha kuna utitiri, wadudu wadogo wanaofyonza damu ya nyoka na kujificha chini ya magamba na kwenye nyufa. Kwa sababu hiyo nyoka mgeni hutengwa kwa muda, aghalabu mwezi mmoja hadi mitatu. Wazima husafishiwa kwanza, wagonjwa na wageni mwisho, kila kundi kwa brashi yake.

Vyombo hivyo havioshwi jikoni. Maji machafu hutupwa chooni. Na baada ya yote, mikono huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka.

Banda la kuku

Niliporudi nyumbani mwezi uliofuata niliwaeleza hayo yote. Mama alisikiliza kimya akichambua maharagwe. Nilipotaja utitiri aliinua uso.

"Huo wa nyoka ni kama huu wa kuku wangu?"

Nikamwambia ni jamaa. Alinyamaza tena. Sote tulijua alichokuwa akifikiria. Kila Jumamosi yeye humwaga dawa ndani ya banda, juu ya kinyesi cha wiki nzima, na bado utitiri haujamhama wala vifaranga hawajaacha kufa. Kuku nao, pamoja na vifaranga vyao, hubeba salmonela, na wajukuu hushinda wakivibeba kifuani.

"Kwa hivyo miaka hii yote," akasema hatimaye, "nimekuwa nikikinywesha kinyesi dawa?"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Asubuhi yake tulilihamisha kundi, tukakwangua sakafu mpaka ardhi ikaonekana, tukapeleka samadi kwenye shimo la mboji, tukasugua vitagio kwa sabuni na kuvianika juani kabla ya kugusa chupa ya dawa. Mpwa wangu ndiye aliyekuwa msimamizi, mkali kama bwana afya.

Tulipomaliza, mama alitenga uji. Mvulana alinyoosha mkono kuchukua kikombe, naye nyanya yake akakivuta nyuma.

"Kwanza mikono," akamwambia. "Au umesahau choo cha nyoka?"