Kupaka Rangi Bendera: Somo la Siku ya Muungano

Sikukuu inapokaribia, walimu wengi wa darasa la kwanza na la pili huwapa watoto picha wazipake rangi. Zoezi hilo lina manufaa iwapo lina shabaha. Likitolewa ili darasa litulie tu, mtoto huchosha mkono bila kujifunza lolote.

Tuchukue mfano wa Siku ya Muungano, 26 Aprili, inayokumbusha kuungana kwa Tanganyika na Zanzibar mwaka 1964. Somo liende kwa hatua tatu.

Kwanza, mazungumzo. Onyesha bendera ya Taifa. Watoto wataje rangi na maana zake: kijani ni ardhi na mimea, manjano ni madini, nyeusi ni watu, buluu ni maji.

Pili, kuchora. Usigawe picha iliyokwisha chorwa. Kila mtoto achore mstatili, kisha mistari ya mshazari kutoka pembe ya chini kushoto kuelekea pembe ya juu kulia. Hivyo mkono huzoea kuongoza kalamu, jambo linalohitajika katika kuandika.

Tatu, kupaka rangi. Kalamu za rangi zikikosekana, mkaa hutoa nyeusi, majani mabichi kijani, unga wa binzari manjano, na buluu ya kufulia nguo hutosha.

Rangi za bendera hazichaguliwi. Kwa hiyo, nyuma ya karatasi mtoto achore sherehe aijuavyo, kwa rangi azipendazo. Mwishoni aeleze alichochora. Maelezo hayo, wala si unadhifu wa picha, ndiyo kipimo cha somo.