TAA ZA MPIRA USIKU: RAHISI KWA BEI, SALAMA KWA MAISHA



Kwetu Vuhovi jua linazama karibu saa kumi na mbili ya jioni, na baada ya nusu saa giza limekwisha kuingia. Baba anayetoka kazini saa kumi na moja hana nafasi ya kucheza mchana. Kwa hiyo vijana wanataka taa, tena wanataka kupiga filamu ya mchezo ili jamaa walio mbali waone. Ni jambo zuri. Lakini waya mbovu, kiwanja chenye maji na mtoto asiye na viatu vinaweza kuleta kilio.

Taa gani tununue?

Watu wengi wanachagua projekta ya halojeni ya wati 500, kwa sababu dukani bei yake ni ndogo. Tufanye hesabu. Projekta hiyo inatoa mwanga karibu sawa na taa ya LED ya wati 100. Jenereta ndogo ya wati 1.000 haifai kubebeshwa zaidi ya robo tatu ya nguvu yake, yaani wati 750. Basi itawasha halojeni moja tu, au LED saba. Pesa uliyookoa dukani utaimaliza kwa kununua mafuta.

Tena halojeni inakuwa na moto mkali. Inachoma mkono, na tone la mvua linaweza kupasua kioo chake.

Kiwanja kidogo kwanza

Taa ikiwa mbali mara mbili, mwanga unabaki robo. Kiwanja cha kandanda cha mita 105 kwa 68 kinashinda mfuko wetu. Kiwanja cha voliboli ni mita 18 kwa 9 tu: taa nne nzuri zinaweza kutosha kuanzia. Ziweke juu ya nguzo zilizofungwa kamba imara, kwa upande ule ule wa kamera, zikiinama kidogo. Zisimpige mchezaji machoni.

Kabla ya kulipa, itazame taa kwa kamera ya simu. Picha ikichezacheza, iache. Kwa umeme wetu wa hezi 50, weka kamera kwenye 1/100 ya sekunde.

Sheria sita za usalama

1. Jenereta ikae nje, mbali na nyumba mita 6 au zaidi, hata mvua ikinyesha. Moshi wake una hewa mbaya isiyo na rangi wala harufu. Mtu wa mgodi anajua: hewa ya namna hiyo inaua kimya. Mtu akiumwa kichwa, akipata kizunguzungu au kutapika, mtoeni nje upesi, mpelekeni kwa mganga.
2. Zima injini, ngoja ipoe, ndipo utie mafuta.
3. Fungua waya wote kutoka kwenye gurudumu lake. Waya uliozungushwa unashika moto.
4. Viungo vya waya visilale chini kwenye majani na maji. Mvua ikianza, zima kila kitu.
5. Mtu akinaswa na umeme, usimshike! Zima jenereta kwanza.
6. Taa ya kofia ya mgodi si ya mpira. Ikikosa moto usiku wa kazi, mwenzako atabaki gizani chini ya ardhi.

Kama pesa ni kidogo kabisa, nunueni LED za batri ya volti 12. Mwanga ni mdogo, lakini hakuna moshi, na hatari ya kunaswa ni ndogo sana.

Mwisho, ombeni ruhusa kwa chifu. Mikusanyiko ya usiku ikikatazwa, tii. Chezeni Jumapili mchana: jua ni taa isiyolipiwa.

Filamu nzuri ni ile ambayo wote walioonekana ndani yake wamerudi nyumbani wazima.