Fahamu: Je, dirisha la vioo viwili lafaa Kisauni, Mombasa?

Kati ya vioo hivyo hufungiwa hewa kavu au gesi ya agoni, joto lisipenye upesi. Ulaya hukinga baridi. Kisauni au Likoni hufaa pale tu kiyoyozi kinapowashwa. Ukifungua dirisha upate upepo, kioo cha pili hakina kazi, na pesa umeshatoa. (Changamwe, penye malori, likifungwa angalau hupunguza kelele.)

Badala ya vioo viwili, tafuta kivuli na upepo. Mombasa iko karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta: jua la asubuhi na jioni huinama, likapiga kuta za mashariki na magharibi. Upenu pekee haulizuii, panda mwarobaini. Madirisha yaelekeane, upepo wa kusi na wa kaskazi upite. Fremu ziwe za alumini, maana chuma huliwa na chumvi.