TULINDE TAARIFA ZA WATU WETU
Tapeli anayekujua kwa jina ameanzia kwenye orodha

Katika toleo hili tumeona ni vema kuzikumbusha kamati za sharika, pamoja na wafadhili wetu, juu ya jambo linalogusa fedha za miradi na imani ya watu kwetu, nalo ni ulinzi wa taarifa binafsi. Taarifa binafsi ni habari yoyote inayomtambulisha mtu: jina lake, namba ya simu, namba ya kitambulisho cha taifa, tarehe ya kuzaliwa au akaunti ya benki.

Karibu kila mwenye simu hapa Tanzania amewahi kupokea ujumbe wa kumtaka atume "ile pesa" kwenye namba fulani. Tapeli huyo anabahatisha. Hutuma ujumbe kwa watu wengi, akitumaini kumpata mmoja aliyekuwa akijiandaa kumlipa fundi au kutuma ada ya mtoto. Hatari zaidi ni yule asiyebahatisha. Huyu anakutaja kwa jina, anaijua jumuiya yako, anajua umeahidi kiasi gani cha ujenzi, na anamtaja mtunza hazina wenu. Ni rahisi kumwamini. Je, habari hizo amezipata wapi?

Habari hutokaje?

Mara nyingi hutoka kwetu wenyewe. Orodha ya ahadi yenye majina, namba za simu na viwango hubandikwa kwenye ubao wa matangazo, na yeyote anayepita anaweza kuipiga picha. Orodha hiyo hiyo hurushwa kwenye kundi la WhatsApp lenye watu wengi ambao wengine hatuwafahamu. Nakala za vitambulisho vya wanachama wa VICOBA hutolewa kwenye duka la stesheni, zile zilizotoka vibaya zikaachwa pale, na kesho yake zinafungiwa karanga. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo linaloeleweka, zitumike kwa lengo hilo, na zitunzwe kwa usalama. Aidha, habari zinazoonyesha imani ya dini ya mtu zimewekwa katika kundi la taarifa nyeti. Hivyo basi, daftari la washarika ni dhamana kubwa kwa anayelitunza.

Mambo ya kufanya katika usharika

1. Orodha ya michango inayobandikwa iwe na namba ya bahasha au ya stakabadhi, bila namba za simu. Uwazi wa mapato na matumizi ubaki pale pale, kwani mchangiaji ataiona stakabadhi yake.

2. Michango ya simu ipokelewe kwa Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la usharika, isiwe kwa namba ya mtu binafsi. Mchangiaji asome jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo.

3. Namba ya malipo ikibadilika, itangazwe ibadani na kwa maandishi yenye mhuri. Tangazo la ujumbe wa simu peke yake lisikubalike.

4. Daftari na nakala za vitambulisho vifungiwe kabatini, na nakala zisizohitajika zichomwe.

5. Namba ya siri haitolewi kwa mtu yeyote. Kampuni za simu huwapigia wateja kwa namba 100 pekee; anayetumia namba ya kawaida na kudai ametoka kampuni ya simu, mkatie.

6. Ukipata ujumbe kwamba umetumiwa fedha kwa makosa, angalia salio kwanza. Usimrudishie mtu kwa kuusoma ujumbe tu.

7. Kila mmoja apige *106# ili aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Wapo mawakala wasio waaminifu ambao humwambia mteja kidole hakijasoma, aweke tena, kumbe wanasajili laini nyingine.

Kwa wafadhili wetu

Matapeli wakubwa hutumia barua pepe. Huingia katika mawasiliano ya mradi, huyasoma kwa muda, kisha huandika kwa jina la mratibu kwamba akaunti ya benki imebadilika. Ukipata barua ya namna hiyo, usijibu kwa barua pepe hiyo hiyo. Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, uzungumze na mtu unayemfahamu kabla ya kutuma chochote. Hatutaliona hilo kuwa ni kukosa imani nasi.

Ikiwa umetapeliwa

Piga namba 100 mara moja ili kampuni ijaribu kuzuia fedha kabla hazijatolewa kwa wakala. Namba ya tapeli itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, kisha toa taarifa polisi. Halafu iambie kamati yako. Wengi hunyamaza kwa aibu, hasa wazee na watunza hazina, na wakati wamenyamaza tapeli yule yule, akiwa na orodha ile ile, anampigia jina linalofuata.