Umechacha? Mtembeze Dar kwa mguu!

WIKIENDI imefika, mfuko umetoboka, na mwenzio anataka mtoke. Utamwambia nini? Usisingizie malaria bwana. Vaa raba, mchukue mkapige mguu katikati ya Dar. Kiingilio hakuna.

Shukeni Posta ya Zamani Jumapili asubuhi, magari yakiwa machache. Hapo pwani kuna makanisa mawili ya enzi za Mjerumani, Azania Front la Walutheri na Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki. Pigeni picha zenu, kisha pandisheni Mtaa wa Azikiwe mpaka Samora.

Hapo mtamkuta Askari, yule ambaye wazee wengine bado wanamwita Bismini. Kila siku tunampita mbio kuwahi basi. Leo simameni. Mwambie mwenzio kwamba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza sanamu ya kutamba mjini hapa ilikuwa ya mzungu, Hermann von Wissmann, gavana aliyeongoza majeshi ya Kijerumani kumzima Abushiri pwani. Yeye kasimama juu kabisa, na chini miguuni kawekwa askari Mwafrika anamwangalia! Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakaing'oa. Ikaishia Hamburg, na huko nako wanafunzi wakaiangusha mwaka 1968.

Mwaka 1927 akapandishwa huyu wa shaba, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Safari hii Mwafrika yuko juu peke yake. Nairobi na Mombasa nao wana ndugu zake. Lakini jina hana, na vita ile haikuwa yake.

Someni maandishi ya pale chini. Wapagazi nao wanashukuruwa, wale waliobeba chakula na risasi za Waingereza porini, wakafa kwa maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Kushukuruwa wameshukuruwa, ila aliyepanda juu ni mwenye bunduki. Mie hilo linaniuma. Mwenzio akisema unakuza mambo, mwambie atulie, safari haijaisha.

Fuateni Samora, ambayo Mwingereza aliiita Acacia Avenue na baada ya Uhuru ikawa Independence. Angalieni juu, siyo madirisha ya maduka tu. Vibaraza vya ghorofa za zamani vinazidi kupungua. Mwisho wa barabara ni Mnara wa Saa, ukumbusho wa Dar kupewa hadhi ya jiji mwaka 1961. Hapo hamkai sana, jua hilo!

Shikeni Uhuru mpaka Mnazi Mmoja, kwenye mnara wenye Mwenge. Hapa pana miti, kaeni mpumzike. Mtaa wa pembeni ni Lumumba, na TANU ilizaliwa mtaani hapo Julai 7, 1954.

Kutoka hapo, Kariakoo ni hatua chache. Jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wale wale wapagazi, ambao Waingereza waliwapigisha kambi hapa. Mzigo bado unabebwa: pisheni mikokoteni, na simu zenu zikae mfuko wa mbele.

Kama imebaki jero, nunueni maji baridi mgawane. Mwendokasi wa kurudi mtaukuta Gerezani.