Zebaki ya California

Dhahabu ilipoonekana katika mto American, huko California, mwezi wa Januari 1848, wale wa kwanza kuifuata waliiosha kwa karai na beleshi, na madhara yao hayakuwa makubwa. Lakini ile ya juu juu ilipokwisha, akatokea Edward Matteson mwaka 1853, akaulekeza mpira wa maji yenye nguvu kwenye kilima cha changarawe mpaka kikabomoka, na kwa hila hiyo vilima vya Sierra Nevada, vilivyodumu dahari, vikaanza kuteremshwa mabondeni.

Changarawe hiyo ilipitishwa katika mifereji mirefu ya mbao iliyotiwa zebaki, madini yaliyo majimaji, ambayo huzishika chembe za dhahabu hata zile zisizoonekana kwa jicho, kisha ikichomwa huruka mvuke, dhahabu ikabaki. Aghalabu sehemu ya zebaki ilitoroka na maji; wenye migodi wakaihesabu kuwa ni gharama ya kazi, kwa kuwa zebaki ilichimbwa karibu, New Almaden, wala haikuwa adimu.

Waliolipa ni wakulima wa bondeni. Mashapo yaliujaza mto Yuba, maji yakakosa pa kupita, na mwaka 1875 mji wa Marysville ukagharikishwa kwa tope. Mwenye mali mmoja, Edwards Woodruff, akashtaki, na Januari 1884 jaji Lorenzo Sawyer akazikataza kampuni za migodi kumwaga vifusi vyao mitoni. Hukumu njema, ila ilihukumu tope tu, ilhali zebaki ilikwisha kutangulia. Mwanajiolojia G. K. Gilbert, katika kitabu chake cha 1917, alikadiria vifusi hivyo kuwa zaidi ya mita za ujazo bilioni 1, navyo vilikuwa vikiendelea kuteremka hadi ghuba ya San Francisco. Humo, katika matope yasiyo na hewa, bakteria huigeuza zebaki kuwa sumu inayoingia mwilini mwa samaki wadogo, ikazidi kwa wale wawalao, na hata leo wavuvi wa huko huonywa wasile baadhi ya samaki wao.

Zebaki hiyo hiyo hutumiwa na wachimbaji wadogo wa Geita, ingawa Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata wa kuidhibiti. Basi ndugu mchimbaji, ukilazimika kuichoma, ichome katika chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke, mbali na jiko la nyumbani, wala usimwage marudio yako, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa, karibu na maji ya watu.