Sayari Penye Majua Mawili (Sehemu ya Pili)

Saa tatu usiku mwezi Juni, mkazi wa Westlands au Kileleshwa jijini Nairobi akitazama kusini, hata taa za jiji hazimzuii kuiona Rijili Kantori, ambayo wanafalaki huiita pia Alpha Centauri. Kwa macho ni nyota moja. Kwa hakika ni mbili zinazozungukana kwa miaka 80 hivi, na ya tatu, Proxima, ndogo na iliyo mbali nazo. Hizo mbili hukaribiana hadi mara 11 ya umbali wa Dunia na Jua, kisha huachana hadi zaidi ya mara 35. Je, sayari inaweza kudumu hapo bila kufukuzwa? Hakuna fomula ya kulijibu swali hilo, kwa hiyo hukokotolewa hatua kwa hatua: tarakilishi hupima mvuto wa kila nyota, huisogeza sayari kidogo, kisha hupima tena. Watafiti Wiegert na Holman walifanya hivyo mwaka 1997, wakaona kwamba sayari hudumu ikiwa haiko mbali na nyota yake kupita takriban mara 3 ya umbali wetu na Jua. Ikivuka hapo, nyota ya pili huuyumbisha mzingo wake kila inapokaribia, mpaka sayari ipotee.

Wapo wanaopinga. Tarakilishi hukata desimali, na katika mwendo wa namna hii kosa dogo hukua upesi. Utajuaje kwamba sayari imefukuzwa na nyota wala si na hesabu mbovu? Hoja hiyo ni nzito, na anayetegemea jaribio moja hana la kujibu. Lakini nishati ya mfumo mzima haipaswi kubadilika. Ikibadilika, hesabu imeharibika. Hatua nazo hupunguzwa nusu, kazi ikarudiwa. Zaidi ya yote, hatuulizi sayari itakuwa wapi siku fulani baada ya miaka milioni. Tunaanzisha maelfu ya sayari, kila moja kwa tofauti ndogo, tukahesabu zilizosalia. Agosti 2025 watafiti wanaotumia darubini ya James Webb walitangaza dalili za sayari kubwa kando ya Alpha Centauri A, mojawapo ya zile nyota mbili; sayari hiyo ilionekana 2024 na kukosekana mapema 2025. Walipoiga mamilioni ya mizingo, karibu nusu ya ile thabiti ingeiweka karibu mno na nyota isionekane wakati huo. Sayari haijathibitishwa, ila kukosekana kwake hakutoshi kuikanusha.

Programu ya REBOUND, inayokokotoa mizingo kwa namna hii, hupatikana bure na huendeshwa kwenye kipakatalishi cha kawaida. Wahadhiri wa fizikia, kuanzia bewa la Chiromo la Chuo Kikuu cha Nairobi, waiingize katika mazoezi ya shahada ya kwanza. Wiki ijayo: Kepler-16b, sayari inayozunguka nyota mbili kwa pamoja.